Baiskeli Iliyokufa kwa Maandishi

Marselino aliisikia ile baiskeli kabla hajaiona. Ilikuwa inalia kwii, kwii, kutoka upande wa barabara ya Mhunze, na ilipotokeza akaona mama mtu mzima anaikokota, kanga kiunoni juu ya suruali ya kaki, na nyuma kwenye keria trei tatu za mayai zinachuruzika ute. Mtu mwema angesema pole. Marselino naye alisema pole, ila macho yake yalikuwa kwenye shokapu.

Maana hiyo haikuwa baiskeli ya kawaida. Ilikuwa baiskeli ya milimani, yenye shokapu chini ya kiti na fremu ya nyuma inayocheza kwenye maungio, na Shinyanga mjini mwaka ule wa tisini na nane, mvua za El Nino zimekatika juzijuzi tu, ya namna hiyo ilikuwa moja. Nikhil, kijana wa duka la vipuri pale sokoni, alikuwa anaiota mpaka anakonda. Alishamwambia Marselino waziwazi: niletee ile, iwe inatembea bila kulia, uchukue pikipiki yangu.

Hapa itabidi tumwonee huruma kidogo. Marselino alikuwa tapeli hodari wa maneno, lakini hakuwa na usafiri. Kule Runzewe alikamatwa akikimbia kwa miguu. Mjini Ushirombo alikamatwa akisubiri basi, tiketi mkononi, kwenye benchi moja na mtu aliyemuuzia shaba kwa jina la dhahabu. Tangu siku hiyo hakuna alichokitaka duniani kama pikipiki.

Akamfuata mama hadi kwake. "Mwangaluka, mayu," akasalimu kwa Kisukuma cha kuazima, akaongeza na shikamoo kwa usalama. Mama Limi, maana ndivyo mtaa ulivyomwita, akaitikia marahaba na kumweleza yote bila kuulizwa. Alikuwa mpishi wa wazungu wa utafiti wa madini kule Geita, na kambi ilipofungwa wakamwachia baiskeli. Akagundua kwamba inabeba mayai kutoka vijijini bila kuvunja hata moja, kwa sababu nyuma inanesa. Kisha mvua zikaja, ikaanza kulia, ikakakamaa, na sasa kila safari anarudi na uji wa mayai. Hakuwa na biashara nyingine.

Marselino akajitambulisha kuwa ni fundi wa kusomea. Akaomba spana, akaketi kwenye kigoda, akaifungua. Kila ungio lilikuwa na beringi ndogo mbili, jumla nane, na zote zilikuwa zimeganda kwa kutu. Akaitambua papo hapo namba iliyochapwa ubavuni mwake: dukani kwa kina Nikhil zimejaa, watu wanafunga kwenye mota. Akatikisa kichwa kama daktari anayetoka wodini.

"Mama, hii imekufa. Beringi zake zilitengenezwa mara moja tu, kiwanda kikafungwa. Ukiendelea kuipanda, fremu itakatika uko juu yake."

Mama Limi akashika tama, akauliza afanyeje sasa. Marselino, kwa ile roho yake nzuri, akajitolea kumwondolea balaa. Ataubeba ule mzoga akauze chuma chakavu, na mama atabaki na redio yake ya betri nne, inayokamata mpaka Bujumbura. Hiyo redio ndiyo mali pekee aliyowahi kuinunua kihalali, na kuitoa kulimuuma kweli.

Mama akakubali upesi, ila kwa masharti mawili. La kwanza, waandikiane mbele ya Mzee Mwigulu, mjumbe wa nyumba kumi. La pili, baiskeli itoke imefungwa, inakokoteka, kwa sababu sungusungu wa mtaa ule wakikuona na baiskeli vipande vipande hawakuulizi jina, wanapuliza filimbi.

Filimbi hizo Marselino alikuwa anazifahamu. Akajisemea, kama kuifunga ni lazima, si bora aifunge na beringi mpya kabisa, itoke hapo moja kwa moja hadi kwa Nikhil? Akaandika karatasi kwa mkono wake mwenyewe, na akakoleza: amepokea kwa Mama Limi baiskeli iliyokufa, isiyopandika wala kutengenezeka, kwa redio moja. Wote wakatia saini, mjumbe akaikunja na kuitia mfukoni. Kisha Marselino akaenda kuiweka rehani saa yake ya mkononi kwa Nikhil, akarudi na beringi nane. Mama alipouliza ni nini, akamwambia ni vyuma vya kushikilia tu, anamwekea bure.

Kazi ilimchukua siku mbili, na mama hakubanduka. Alipotaka kugonga kwa nyundo, mama akauliza, yeye asiyejua kitu, kama fremu haitapasuka, maana anayo bolti ndefu ya kitanda, na nati, na washa. Marselino akaona ni wazo: akapachika soketi za spana huku na huku, akakaza taratibu, beringi kuukuu zikatoka moja moja. Joto likazidi, mama akasema labda vile vyuma vingelala kidogo kwenye friji lake la mafuta ya taa, pamoja na barafu. Kweli, vilipopoa viliingia kama vimeitwa.

"Sukuma pete ya nje, baba, si ya ndani," mama akasema wakati mmoja. "Au naropoka tu."

Marselino akasukuma ya nje, akimshangaa mama huyu anavyobahatisha. Alifuta kila tundu kwa kitambaa, akapaka griisi kwa kidole kimoja, akakaza bolti kwa kipimo, huku akiimba. Maishani mwake hakuwahi kufanya kazi vizuri namna ile, kwa sababu hakuwahi kukifanyia kazi kitu alichokiona ni chake.

Mzee Mwigulu akaitwa kushuhudia makabidhiano. Akapanda baiskeli, filimbi shingoni, akazunguka ua mara mbili. Ilinesa, haikutoa hata mguno. Akashuka, akafunua karatasi.

"Hapa pameandikwa baiskeli iliyokufa, isiyopandika. Mimi nimetoka kuipanda. Mwandiko huu ni wako?"

Marselino akaafiki ni wake.

"Basi ama uliandika uongo mbele yangu, ama hii siyo uliyoiandika. Ni ipi?" Na mkono wake ukawa unaichezea ile filimbi.

Marselino akafikiria sana, kwa muda mfupi sana. Akasema siyo hiyo.

"Kilichokufa ni hiki," akasema Mama Limi, na kumkabidhi kopo la maziwa lenye beringi nane zenye kutu. "Na hivyo vya kushikilia alinipa bure, mjumbe. Mungu ambariki."

Ndani ya nyumba redio ilikuwa inasoma habari.

Mlangoni Marselino hakuweza kujizuia, akauliza kama alikuwa anajua. Mama akamwonyesha kifundo cha mkono kilichounga vibaya. Kambini beringi hizo alizibadilisha mwenyewe kila masika, miaka mitatu, mpaka mkono ulipovunjika. Sasa kuendesha anaweza, kukaza bolti hawezi.

"Lakini mafundi si wapo?"

"Fundi wa kulipwa anagonga nyundo awahi kazi nyingine. Uliposema kiwanda kimefungwa, nikajua nimempata mwizi. Mwizi ndiye anayefunga kama anafunga ya kwake."

Marselino akaondoka kwa miguu, kopo linalia mfukoni, akiwaza atamwambia nini Nikhil. Hakusikia chochote nyuma yake. Baiskeli ilimpita begani, kimya, keria ina trei tatu tupu zinazokwenda kujazwa.

"Pole na kutembea, baba," akasema Mama Limi. "Masika ijayo zitaota kutu tena. Usihame mji."