Ikwalaiza Yangu na Kinanda cha Shemeji

Jumatano, 4 Juni
Mazoezi. Shemeji kanifunika tena na kinanda chake. Shangazi, mwimbaji wetu na mwenye bendi, kasema mbele ya wote: harusi ya Jumamosi gitaa langu lisiposikika, solo zote anapewa Shemeji. Mimi nibaki kukwangua nyuma kama kuku? Haiwezekani. Nimeazima ikwalaiza kwa mpiga besi. Kisanduku cha kukanyaga, chenye vijiti vya kupandisha na kushusha sauti nzito, ya kati na kali. Nimevipandisha vyote. Sipendi mambo ya nusunusu.

Alhamisi, 5 Juni
Nimekichomeka kati ya gitaa na amplifaya. Sauti haikukua, ilikwaruza tu, kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga. Shangazi kauliza kama amplifaya inaumwa. Shemeji kacheka mpaka kashika ubavu. Mpiga besi kanivuta pembeni: nimekiweka pabaya. Nyuma ya amplifaya kuna matundu mawili, moja sauti inatoka, la pili inarudi. Kisanduku kikikaa hapo katikati, kinachokua ni sauti yenyewe, si mkwaruzo. Ila nipandishe kidogo tu, kasema. Mwoga yule.

Ijumaa, 6 Juni
Nimejaribu nyumbani, waya zote mbili nyuma. Nimekanyaga, taa nyekundu ikawaka. Vijiti vyote juu. Tofauti kubwa mno! Gitaa limenona. Mke wangu kasema hasikii tofauti yoyote. Nimemsamehe. Shemeji ni kaka yake, masikio ya ukoo ule ni ya kinanda.

Jumamosi, 7 Juni
Ukumbi ulijaa pomoni. Solo ilipofika nikakanyaga kisanduku, nikafumba macho. Likasikika! Noti moja moja, safi. Hata bibi yake bwana harusi, aliyekuwa anasinzia, aliinuka kucheza. Shangazi kanishika bega: mwanangu, leo umesikika na hujatuumiza masikio, solo ni zako. Nilishusha pumzi mpaka mkanda ukalegea. Shemeji nikampa mkono, kwa huruma.

Jumapili, 8 Juni
Nafuta vumbi kwenye amplifaya, naona swichi ndogo kati ya yale matundu mawili. Imezimwa. Na sijaigusa tangu Ijumaa, maana sikujua kama ipo. Yaani jana sauti haikupita kwenye kisanduku hata kidogo. Nikaiwasha, nikagusa uzi mmoja. Salaale! Bilauri ikaruka kabatini, paka katoka dirishani, jirani kaja kuuliza nani kaumia. Nimekaa sakafuni, moyo ukatulia taratibu, nikaanza kucheka. Ingekuwa jana, yule bibi tungekuwa tunamzika sasa hivi, na mimi ningekuwa sina bendi. Mungu hamtupi mja wake.

Mke wangu kaokota vipande vya bilauri, kisha kakiri: yeye ndiye alimwomba kaka yake apunguze kinanda kwenye solo zangu. Kaka mtu kakubali papo hapo, kasema hata yeye amechoka kushindana kelele na mimi.

Ndivyo anavyodai. Mpiga kinanda hapunguzi sauti kwa hiari yake. Alikiona kisanduku miguuni mwangu, akaingiwa na hofu, na hapo kilikuwa kimelala. Nimeshamwomba mpiga besi aniazime na cha pili.