Kadi ya Picha Yenye Harufu ya Bani

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Kompyuta ya Verdiana imepofuka. Inanguruma, kioo cheusi. Verdiana ni mjane, ana kibanda cha kuchapa karibu na stesheni hapa Mpanda. Benchini kwake ndipo ninaposhinda tangu mke wangu afariki. Kibanda kikifungwa, nitaongea na kuku.

Melkior, mchuuzi wa Tabora, kamletea kadi ya picha ya bei poa. Ndiyo inayokiambia kioo kionyeshe nini. Kasema ajaribu, ikimshinda airudishe Jumamosi kabla treni haijaondoka. Mwalimu Leodgar, mwenzangu wa benchi, kasema hiyo takataka, aagize ya maana Dar. Ya maana ya nini? Mama wa watu anachapa barua na kadi za harusi.

Jumanne, 6 Oktoba
Imechomekwa. Herufi safi. Maua ya kadi za harusi yanatokea polepole kama bibi harusi, lakini yanatokea. Verdiana kacheza karata za humohumo kwenye kompyuta, akacheka. Sijamsikia akicheka tangu masika.

Leodgar akalalamika picha za kutembea zinakwama. Nikamuuliza nani Mpanda hii kaomba achapiwe picha inayotembea. Akasema mtu wa darasa la nne hapimi kompyuta. Mimi, niliyepanga madaraja ya tumbaku Katumba mpaka Litapunga, na hakuna mnunuzi aliyebisha. (Mmoja alibisha. Mlevi.)

Nikaomba kadi nikaipime nyumbani. Verdiana akasita, akanipa. Akasema, Mzee Thadei, hayo ndiyo macho yangu.

Jumatano, 7 Oktoba
Nimepima. Rangi: kijani, kama jani bichi. Nikashusha daraja. Harufu: hamna. Nikaikunja kidogo, ikalia kavu. Na jani kavu la tumbaku halipimwi, linavunjika. Unapiga funda la maji, unalipulizia, unangoja lilegee.

Nikapuliza. Haikulegea. Nikapuliza tena.

Alhamisi, 8 Oktoba
Maji yameingia chini ya vile vidude vyeusi. Yanaonekana. Hayatoki.

Nimewasha bani, banda langu la kukaushia tumbaku. Majirani wakaja kuuliza tumbaku gani inakaushwa Oktoba. Nikawaambia ni mbegu mpya. Ndani ya bani zima inaning'inia kadi moja, kwenye kijiti. Verdiana nimemwambia vipimo vinaendelea.

Jumamosi, 10 Oktoba
Verdiana kachomeka. Kioo cheusi. Bado cheusi. Leodgar akaanza kukohoa kile kikohozi chake cha ushindi. Nikaona kuku wangu wakinisubiri.

Herufi zikatokea.

Leodgar akang'ang'ania irudishwe hivyo hivyo, treni ingalipo. Melkior akaipokea, akainusa, akauliza hii kadi au samaki mgebuka wa kukausha. Akagoma kuichukua. Verdiana akanitazama. Mimi nikatazama treni. Nikaeleza yote, funda kwa funda. Akasema basi kadi itabaki, na mimi nitafagia kibanda kila asubuhi mpaka harufu iishe.

Adhabu gani hiyo? Mfagiaji hufika kabla ya Leodgar.

Jumapili, 11 Oktoba
Nimefagia ingawa ni siku ya Bwana. Verdiana kanipa chai kabla ya kwenda kanisani, kaniachia ufunguo. Kadi inafanya kazi. Nani alisema tangu mwanzo kwamba ya bei poa inatosha?

Ila vile vitufe vya kuchapia, nimevibonyeza, vinalia kavu sana. Misa ndefu leo. Funda moja tu. Bani bado lina joto.