Mishumaa Niliyompikia Veronika

Leo nimefedheheka mazikoni. Mbele ya Padri, mbele ya wafiwa, mbele ya jeneza lenyewe.

Ninyi mlioshuka na treni ya jioni kutoka Kigwa mmenikuta na jicho moja, na najua mmeshaanza kuulizana kama Anthoni wangu siku hizi anapiga. Hapigi, maskini. Ni nyuki. Kaeni hapo mkekani niwaeleze mwenyewe kabla hamjayasikia kwa majirani, maana majirani wa Cheyo wakianza kusimulia, kesho mtaambiwa nimeng'atwa na simba.

Veronika mlikuwa mnamwona mkija kunitembelea. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mke wa Petro wa reli. Yule aliyekuwa hawezi kukaa bila kitu mkononi: akishuka kwenye ukili anapanda kwenye sindano, akiacha sindano anachukua jembe. Vile vitambaa vya meza vyenye maua mnavyovisifia kwangu vyote kashona yeye. (Nilichoshona mimi ni kile kinachofunika mtungi. Nacho kinafunika upande mmoja.) Jioni kama hii tungekuwa wote wawili hapa kibarazani, karanga kwenye ungo, tunabishana kama mchicha umwagiliwe asubuhi au jioni.

Juzi uchungu ulimshika. Jana alfajiri mtoto akatoka, msichana, sauti kama filimbi ya gari moshi. Lakini damu ya mama haikukata. Mkunga alifanya alivyojua, sisi tukafanya tulivyoambiwa, na jua lilipochomoza nilikuwa namfunga Veronika kidevu kwa kitambaa alichokishona mwenyewe.

Basi. Hapo hakuna cha kucheka, na mimi sikucheka.

Mtoto akawa analia njaa. Yosefu wangu bado ananyonya, maziwa ninayo. Nikamchukua nikampa ziwa. Siku nzima ya jana nilikuwa nabadilisha: huyu kulia, huyu kushoto. Yosefu alinuna kama mzee aliyenyang'anywa kiti chake.

Jana hiyo hiyo jioni akaingia dada mkubwa wa marehemu, Agata, kutoka Kaliua. Mwanamke mrefu, mkavu, macho hayapepesi. Nikapiga goti.

"Shikamoo dada."

Hakuitikia. Akaniuliza, "Wewe ndiye mwenye bustani?"

"Ndiyo, dada."

"Uliyemlimisha mdogo wangu na tumbo lile?"

Hata waliokuwa wanalia walipumzika kidogo wasikie nitajibu nini. Nikajifanya namfunika mtoto. Akamtazama mtoto aliyekuwa kifuani kwangu, akasema, "Kesho tukishazika, kesho kutwa naondoka naye. Kaliua nina mbuzi wa maziwa."

Nikarudi kwangu nikalia hadi Anthoni akaanza kuosha vyombo. (Anthoni! Vyombo!)

Sasa ndiyo tunafika kwenye ujinga wangu.

Leo asubuhi likaja neno kwamba dukani mishumaa imekwisha, na mazishi ni mchana. Katekista akasema si kitu, tutazika bila mishumaa mikononi, Mungu anaona. Mtu mwenye akili angeitikia amina. Mimi nikasimama katikati ya waombolezaji nikasema kwa sauti, "Mishumaa nitatengeneza mimi."

Nani alinituma? Hakuna. Nilitaka tu Agata asikie.

Kaka yangu alikuwa ameniletea masega kutoka porini, yamekaa chunguni. Veronika alinifundisha jinsi ya kutengeneza mishumaa, na ni kazi nzuri, jamani, kazi ya kutuliza moyo. Unakata vikonyo vya majani ya mpapai, vile virefu vyenye tundu katikati. Unapitisha uzi wa pamba, unaukaza juu na chini kwa kijiti. Unayeyusha nta, unaimimina taratibu, unaacha ipoe. Halafu unapasua kikonyo, na mshumaa unatoka wa manjano, umenyooka kama kidole cha bibi harusi. Jiko zima linanukia.

Ila nta lazima uichemshe na maji, uichuje kwa kitambaa, uichemshe tena, uichuje tena, asali yote itoke. Hilo Veronika alilisema mara nyingi mno. Mimi leo nilichemsha mara moja. Muda haukuwepo, na macho yalikuwa yamejaa machozi na moshi.

Anthoni akachungulia, akagusa mshumaa mmoja, akalamba kidole.

"Mke wangu, huu mtamu."

"Sasa?"

"Mshumaa hauwi mtamu."

"Anthoni, wewe unatengeneza injini au mishumaa?"

Akaondoka. (Nasema mbele yenu wote: Anthoni alikuwa sahihi. Msimwambie.)

Nikapanga mishumaa kwenye kikapu, nikakifunika kwa kanga, nikaenda kanisani nimenyoosha shingo. Kanisani mambo yalikwenda vizuri. Kanisani kuna kivuli na baridi. Mtoto nilikuwa nimemwacha nyumbani na mama mkwe wangu, amenyonya ameshiba.

Tukatoka kwenda makaburini. Jua hili la kiangazi mnalijua, hakuna ua hata moja lililobaki porini, na nyuki wana njaa kama sisi. Kikapu kikaanza kupata joto. Harufu ya asali ikapanda hadi puani kwangu, na mimi, kwa akili yangu yote, nikawaza: Veronika angefurahi, mazishi yake yananukia vizuri.

Tulipofika, jeneza likawekwa juu ya miti, pembeni ya kaburi. Katekista akaniambia niweke kikapu juu ya jeneza ili Padri abariki mishumaa kwanza. Nikaweka, nikasimama karibu kabisa, kichwa juu, nikihakikisha Agata ananiona. Alikuwa upande wangu wa kushoto, hatazami kitu ila jeneza.

Akaja nyuki mmoja.

Akazunguka kikapu. Wakaja wengine. Padri anasoma Kilatini, sisi tunaitikia, na nyuki nao wanaitikia. Watu wakaanza kutingisha mabega. Kisha nyuki mmoja akatua shingoni kwa Padri, hapo hapo juu ya kola.

Sijui ni shetani gani aliyeuinua mkono wangu. Nilitaka kumsaidia mtumishi wa Mungu. Nilichofanya ni kumpiga Padri kofi la shingo.

Paa!

Kitabu kikaanguka. Watu wakasema "Yesu!" kwa pamoja, vizuri kuliko walivyoimba siku nzima. Nyuki nilimuua, hilo nalo lisemwe. Lakini mnajua nyuki aliyepondwa anavyoita wenzake. Kwenye mti wenye tundu, hatua chache kutoka pale, kulikuwa na nyumba yao nzima.

Walikuja kama moshi mweusi wenye sauti.

Jamani, mazishi yalivunjika! Wanakwaya upande huu, wazee wa reli upande ule, kofia zinabaki njiani. Padri alipandisha kanzu hadi magotini, na nawahakikishia yule mzungu ana miguu ya mbio. Mimi nikachomwa juu ya jicho, nikapiga kelele "Mayu!" kama mtoto anayemwita mama yake, nikageuka nikimbie. Sikuona ninakokwenda. Nikapiga hatua moja, mbili, na ya tatu haikukuta ardhi.

Nilitumbukia kaburini.

Ndiyo. Kaburi la Veronika. Lilikuwa limechimbwa vizuri, pande zimenyooka, chini kuna udongo laini wenye ubaridi. Nikaanguka kwa makalio. Kabla hata sijafikiria niko wapi, kitu kirefu kikaniangukia mapajani.

Agata.

Tukatazamana. Juu yetu kipande cha mbingu na nyuki wanapita pita. Akavua kanga yake upesi, akatufunika wote wawili. Tukakaa hivyo, magoti kwa magoti, pumzi yake usoni kwangu.

Kisha akasema, "Mishumaa gani ile?"

"Nta sikuichuja vizuri, dada."

"Naona."

Jicho langu lilikuwa linavimba, nalisikia linavyojaa kama andazi kwenye mafuta. Na hapo, mahali pale ambapo nilikuwa nimeshaaibika hadi nikamaliza, mwili wangu ukaona haitoshi. Kifua kikaanza kuvuja. Gauni jeusi likalowa pande zote mbili. Nikajaribu kujikumbatia, lakini chini ya kanga moja utajificha wapi?

Agata akaona.

"Unalowa," akasema.

"Ni saa yake ya kunyonya."

"Ya yupi?"

"Ya wote wawili."

Nyuki wanavuma. Kwa mbali mtu anaita mtu. Nikaona kama ni kufa na nife, maana kaburi lipo tayari, nikasema lile nililoshindwa kusema jana.

"Dada, sikumlimisha. Nilimwambia aketi. Alisema akiketi mgongo unamuuma zaidi, bora ashike jembe. Nilimnyang'anya jembe, akachukua ndoo."

Nilingoja anipige. Hakupiga. Akaweka paji la uso kwenye magoti yake, na kutoka humo ikatoka sauti ambayo sikuitegemea kwa mwanamke yule. Tangu afike hakuwa amelia. Alilia sasa, mabega yanagonga ukuta wa udongo, udongo unatudondokea kichwani.

"Hakuwahi kuketi," akasema. "Mama alikuwa anamfunga kwa kanga kwenye mguu wa kitanda ili ale. Alikuwa anakula huku anavuta kitanda."

Tukalia. Wenzangu, tulilia kwenye shimo lile kuliko tulivyolia nyumbani kwenye mkeka, na nadhani kuna wakati pia tulicheka. Siwezi kuapa. Chini kule vilikuwa vinafanana.

Haya ya juu nimesimuliwa. Watu wote walikimbia isipokuwa Petro. Alibaki amesimama kando ya jeneza la mkewe, mikono chini, nyuki wamemjaa kofia na mabega, na wanasema hata hakupangusa. Baadaye akavua koti, akafunika kikapu changu, akakibeba kifuani polepole kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, akaenda nacho porini na nyuki wakimfuata. Akarudi bila kikapu. Wachimba kaburi walikuwa wameshawasha majani mabichi, moshi umetanda. Akawaambia, "Waiteni watu. Tuendelee."

Watu wakarudi mmoja mmoja, wanahesabu viatu. Padri akarudi, mdomo wa juu umevimba kama wa bata. Wakakusanyika, wakaimba, wakanyanyua jeneza kwa kamba, wakasogea kwenye kaburi walishushe.

Nikasikia kimya. Nikaondoa kanga usoni. Juu pande zote nne, kichwa kwa kichwa, Cheyo nzima inanitazama: gauni limelowa kifuani, jicho moja, udongo kwenye nywele, nimekumbatiana na dada wa marehemu kwenye makao yake ya milele.

Petro akainama. Uso wake ulikuwa na vipele vya miiba pande zote. Akasema kwa heshima kabisa, kama alivyo siku zote:

"Mama Yosefu, tunaomba mtupishe."

Jamani! Kamba za kumshushia Veronika ndizo zilizonipandisha mimi kwanza. Walinifunga chini ya makwapa. Nilipanda naning'inia, nazunguka, ili kila mtu anione mbele na nyuma. Agata alipanda baada yangu, na hata kwenye kamba yule mwanamke alipanda kama malkia.

Tukamzika. Sala za Padri hazikueleweka kwa ule mdomo. Kilatini hatukijui, lakini leo hata yeye hakukijua. Nilitupa udongo wangu. Nilitaka kumwambia Veronika neno zuri, nikaambulia kusema, "Nimekujaribia, pako sawa." Aliyekuwa nyuma yangu akadhani nimerukwa na akili.

Kurudi nyumbani nilikwenda peke yangu nyuma ya watu. Nilijua kinachonisubiri: Agata atafunga mizigo, atamchukua mtoto, na mimi nitabaki kuwa yule aliyemtia Padri kofi.

Nikamkuta mlangoni kwangu. Mtoto anaye mkononi, analia ile filimbi yake, na Yosefu ameshikilia gauni la Agata kana kwamba wanajuana. Agata alinitazama jicho, kisha gauni. Akanyoosha mikono.

"Mchukue. Kaliua sina haraka. Mbuzi watamsubiri mpaka aote meno, nikija kumwona nitakuja na samli." Akatoka hatua mbili, akageuka. "Ila nyumba atakayolala mtoto huyu, washa koroboi. Mishumaa usiiguse."

Padri tutaonana naye Jumapili, na sijui nitapitaje mbele yake kwenda komunyo. Labda nitajifunika kanga.

Haya, nimemaliza. Naona mnavyouma pindo za kanga. Chekeni basi, lakini mchekee tumboni: mtoto ndiyo kwanza kasinzia.