Bei ya Blanketi Jinja

Barasa, ambaye sisi tunamwita Gazeti, alifungua ukurasa na kukohoa kwanza, kama kawaida yake akiwa na habari nzito.

"Sikieni! Ile kampuni kubwa ya Hasmukh na Wanawe inakuja Mbale! Duka kama la Jinja, ghorofa mbili!"

Siraje, mwuza kahawa wetu, almanusura amwage birika. "Basi Arvind wa duka la kona afunge virago."

"Wacha ikuje," nikasema mimi. "Bei itashuka."

"Itashuka?" Sauti ilitoka mwisho wa benchi, kwa Nicanor. Huyu tunamwita Punguza, kwa sababu hajawahi kulipa bei aliyotajiwa tangu azaliwe. Alikuwa amerudi kutoka Jinja jana jioni na tangu asubuhi hajacheka. "Nyinyi hamjui ile mji. Mi nimetoka huko."

"Haya, tupe."

"Bwana, kule kila kitu ni ya kampuni. Watu nusu ya mji wanavaa kaki ya kampuni. King'ora ya duka ikilia, mji mzima unakula. Hata timu ya mpira inaitwa Duka Efusii!"

"Na blanketi iko wapi?" Gazeti akamkatiza.

Hapo ndipo penye kidonda. Jumamosi Nicanor anakwenda Busiu kwa wazee wa mchumba wake Nanyama kuzungumza mahari, na mila ni mila: usipomletea mama mkwe blanketi, hata kiti hupewi. Ndiyo maana alipanda basi mpaka Jinja, alikosikia blanketi ni nzuri.

Nicanor akatazama miguu yake. "Nilipata moja nyekundu, nzito. Iko na kikaratasi, imeandikwa shilingi kumi na nane. Mi nikamwambia karani, 'Bwana, kumi.' Yeye ananiangalia tu."

"Halafu?"

"Nikafanya ile yetu. Nikaweka blanketi chini. Nikasema, 'Haya, kwaheri.' Nikaenda polepole, nangojea aniite."

Sote tuliijua njia hiyo. Hapa Mbale hufiki mlangoni kabla Arvind hajapiga kelele, "Njoo, rafiki, njoo! Wewe iko mkali sana!"

"Akakuita?"

"Wapi! Nikafika mlango, kimya. Nikasimama nje, nikafunga kamba ya kiatu. Kimya! Nikasema labda ananipima moyo. Nikatembea tena."

"Mpaka wapi?" Siraje akauliza.

"Bugembe."

Benchi liliinama kwa kicheko. Gazeti alijipiga paja kwa lile gazeti lake mpaka likachanika. Mtu ametembea zaidi ya saa nzima kwenye barabara kuu ya Iganga, anageuza shingo kila hatua, anatafuta karani anayekuja mbio na blanketi!

"Lakini si ungerudi ulipe?"

"Nirudi? Uso nitaweka wapi? Nikapanda basi ya Mbale."

Nilimhurumia, kusema kweli, maana alikuwa karibu kulia. Lakini aliyekuwa pembeni yetu hakumhurumia. Orpah, anayeuza ndizi mbivu hapo jirani, ndiye shangazi yake Nanyama, na katika mazungumzo ya Jumamosi neno lake ni zito. Alikuwa amesikiliza yote huku akipanga ndizi.

"Nicanor, mwanangu," akasema. "Wiki jana nilikutajia ng'ombe sita. Ukasema wanne. Nikakataa, ukasimama, ukatoka."

"Ndiyo, shangazi."

"Mi mjinga nikakukimbilia mpaka njiani, nikakubali wanne. Kumbe ingetosha ninyamaze tu!" Akamwomba Siraje kipande cha mkaa, akaandika sita kubwa ubavuni mwa sanduku lake la ndizi. "Hii ndiyo bei. Blanketi utanunua kwa Arvind. Jumamosi njema."

Nicanor alisimama, akapiga hatua mbili kuelekea barabarani, akageuka kidogo. Shangazi alikuwa anamhudumia mteja mwingine. Basi akarudi, akachuchumaa mbele ya sanduku.

"Shangazi, ng'ombe mwenye mimba si tunahesabu wawili?"

Orpah alijifanya hakusikia. Alirudisha chenji, akafuta mikono kwenye leso, akapanga ndizi zilizokwisha kupangwa.

"Mimba ya miezi mingapi?" akauliza.