Kiti ya Kaswera Imehamia kwa Zacharie

Siku ya pili, tarehe 3, mwezi wa tisa

Hapa quartier Lumumba hakuna mutu anaelewa televizio kunishinda. Ninaandika ile mbele, sababu leo kumesemwa mambo mabaya juu yangu, tena mbele ya sanamu ya Bikira Maria.

Habari ni hii. Kila mangaribi, saa moja, miye na bibi yangu Kaswera tunaangalia sinema ya Wahindi. Wale Wahindi wanasema Kifaransa. Kaswera hasikii Kifaransa. Miye ninasikia: nilifanya miaka kumi na moja na magari ya mbao kule Mambasa, na patron, mukubwa wa kazi, alikuwa anasema Kifaransa tu toka asubuhi mupaka jua kuzama. Basi ninamutafsiria. Bure! Hata asante sijaomba.

Jana yule binti wa pete puani alienda kwa munganga. Munganga akamuonyesha karatasi. Binti akalia sana, mama mukwe akaanguka kwenye kiti. Niliangalia vizuri, nikamwambia Kaswera: figo imekwisha, zote mbili, hamalizi mwezi. Kaswera akalia. Na miye nililia kidogo, ni moshi ya jikoni.

Leo maombi ya shirika ilikuwa kwa Mama Félicité, mukubwa wao. Wakati wa kutoa nia, Kaswera akasimama, akaomba wamuombee binti moja mugonjwa wa figo. Wakauliza iko wa parcelle gani, wa nyumba ya nani. Akasema: wa televizio. Mama Félicité, pahali pa kufunga macho na kuomba, akasema: figo gani, Mama Emery? Ule binti iko na mimba! Shirika yote ikacheka. Hata katekista. Rozari ilisimama kwa fumbo la tatu, haikuendelea tena.

Kaswera akarudi nyumbani, hakufungua hata kitambaa ya kichwa. Akaniambia: Papa Emery, weye umenifanya nimuombe Mungu aponyeshe mimba.

Nikamujibu ya kwamba mwenye mimba na mwenye figo wanalia sawasawa, kosa ni ya wenye kutengeneza sinema. Hakutaka kusikia. Saa moja akabeba kiti yake, ile ya mbao nguvu nilimuchongea na mikono yangu, akaenda kuangalia kwa jirani Zacharie.

Zacharie! Mwalimu wa pensheni, mufiwa, na televizio kubwa sawa mulango, mutoto wake aliituma toka Kampala.

Kesho atarudi. Ile kiti iko nzito.

Siku ya tatu, tarehe 4

Hakurudi. Chakula anapika, salamu anatoa, maji ya kuoga anaweka. Lakini saa moja, huyo! Anaruka muchirizi sawa binti.

Nimeangalia peke yangu. Haya ndiyo mawazo yangu.

Mupira: vijana wanakimbia muzuri, lakini hawasikii shauri. Nilimwambia numero saba mara tatu apitie kuume. Akapitia kushoto. Akakosa.

Upishi: muzungu moja alipika saa nzima. Mwisho akaweka majani matatu na samaki sawa kidole katikati ya sahani kubwa, watu wakapiga mikono. Kwetu sahani ya vile ni ile yenye inasubiri kuoshwa.

Mieleka: yule mwenye kaptula nyekundu anaanguka mbele ya kusukumwa. Ningelimukamata miaka yangu ya Mambasa, angelianguka kweli.

Mvua: walionyesha mvua ya dunia nzima. Bunia yetu hapana. Na bati yangu ilikuwa inalia ile saa ile!

Nilisema yote ile kwa sauti. Hakuna mwenye alisema «tulia, Papa Emery, niangalie». Ni jambo ya ajabu. Mutu akisema na hakuna wa kumukataza, maneno yake inakosa chumvi.

Kiti iliacha alama ine kwenye sakafu ya sima. Nimeweka ndoo pale, upepo usipite.

Halafu nikafanya akili. Nilikaanga karanga mwenyewe, na chumvi, mulango wazi, harufu ifike mbali. Kaswera akaingia. Akaonja. Akasema karanga iko tamu, Papa Emery. Nikajua nimeshinda! Akamwaga yote ndani ya kitambaa yake, akaenda nayo kwa Zacharie.

Siku ya ine, tarehe 5

Leo nilivaa koti. Nilienda mwenyewe kuonyesha watu ya kwamba Kifaransa ya Zacharie ni ya uongo.

Nilikuta watu kumi na wawili. Zacharie amesimama pembeni ya televizio na fimbo, sawa kwenye ubao. Binti wa pete anasema, Zacharie anatafsiri, kisha anauliza: nani amesikia? Na watu wazima wanainua kidole! Fiston, dereva wa camion ya mizigo, ndevu mupaka hapa, aliomba ruhusa ya kwenda choo.

Mama moja akacheka sababu ya nguo ya mama mukwe. Zacharie akapiga fimbo kwenye meza. Kimya.

Nikakohoa. Nikasema Kifaransa ya Zacharie ni ya chaki, haijatembea njia. Zacharie akafungua miwani, akaipanguza pole pole, akanionyesha na fimbo, akasema: basi Muzee Katsuva atusaidie. Kwenye televizio bwana moja wa sharubu akatoa maneno marefu sana. Nikasimama. Watu wote macho kwangu. Nilitaka kuanza na Kifaransa kidogo, wapate kuogopa. Ikatoka ile yenye ilikaa ndani yangu toka Mambasa, siku zote nyuma ya gari, nikiongoza dereva:

«Recule! Recule! Doucement! À gauche! Stop!» Ni kusema: rudi nyuma, rudi nyuma, pole pole, kushoto, simama!

Fiston akaruka juu, akapiga kelele: asante, muzee! Camion imekwisha kuingia, weka jiwe kwenye gurudumu!

Nilitoka. Sikukimbia, koti ilikuwa inanisukuma. Lakini nimeona kitu moja: Kaswera hakucheka na wengine. Aliziba uso na kitambaa, mabega yake ikatetemeka mupaka kiti ikalia. Maskini. Alikuwa ananililia huruma.

Siku ya tano, tarehe 6

Usiku nilipata akili mupya, asubuhi nikaitumikisha.

Sahani ya Zacharie, ile ya kukamatia picha mbinguni, iko juu ya ukuta mufupi wa jikoni yake. Mutu akiigeuza kidogo tu, picha inakimbia. Picha ikikimbia, watu wanarudi kwao. Kaswera kwao ni wapi? Ni hapa.

Nilienda saa ine, jua kali, na jembe kwenye bega, sawa mutu wa kwenda shamba. Nilisukuma sahani na mupini wa jembe. Ikagoma. Nikasukuma tena na nguvu zote. Ikalia kwee! Ikaangalia upande wa quartier Nyakasanza.

Zacharie akatoka mbio, na sabuni kwenye uso. Nikasema nilikuwa ninamufukuzia ndege. Mama Félicité alikuwa anapita na ndizi yake, akasimama kuangalia. Na wengine wakasimama. Zacharie akaingia ndani kuangalia hasara.

Halafu akatoka mikono juu. Toka mwezi wa tano sahani yake ilikuwa inakamata posti sita tu za televizio. Sasa inakamata makumi mawili na tatu! Akanikumbatia mbele ya watu, sabuni ikashika koti yangu. Akasema nimeleta baraka kwenye nyumba yake. Akasema mangaribi watu wote waje, Muzee Katsuva ametengeneza.

Kaswera, katikati ya watu, aliniangalia, akaangalia jembe, akaniangalia tena. Akauliza: ndege gani, Papa Emery? Nikasema kubwa.

Hasira ilinikamata mupaka sikuwasha televizio leo. Sinema ya Wahindi ya leo sikuiona hata kidogo. Nilikula, nikajilaza kitandani saa moja kamili. Niliwasikia wakifurahi kule, posti makumi mawili na tatu.

Siku ya posho, tarehe 7

Mutoto wangu Emery alikuja toka Nyakasanza, hakunywa hata chai. Mama yake alimwambia yote. Akasema: Papa, mambo hii iko na njia yake. Kamata jogoo, tafuta mutu mukubwa akubebee maneno, omba mama musamaha. Mama Félicité atakubali kuipeleka.

Nikasema miye, mutu wa kuangusha miti ya mita makumi ine, niombe musamaha sababu ya mimba ya Muhindi? Emery akasema: basi endelea kukaa na ndoo.

Aliiona.

Nilizunguka parcelle mara sita. Mwisho nikakamata jogoo yangu nyekundu, ile yenye majirani wote wanaiogopa, nikafunga miguu yake, nikaenda kwa Mama Félicité. Alifurahi sana. Akakamata jogoo na mikono mbili, akasema Bwana asifiwe, Muzee Katsuva ameinama, niambie maneno ya kupeleka.

Nikamwambia: mwambie Kaswera ya kwamba nimemusamehe.

Akauliza kama amesikia muzuri. Nikasema ndiyo, nimemusamehe kuacha nyumba yenye Kifaransa, jogoo ni ya kumuonyesha ya kwamba sina kinyongo. Mama Félicité akarudisha jogoo mikononi mwangu. Akasema toka azaliwe hajaona jogoo ya namna ile, yenye kutembea kinyumenyume.

Jogoo ikaninyea kwenye njia.

Lakini siku ya leo nimekaa mbele ya televizio na sikuwasha sauti. Nilisema maneno yao miye mwenyewe. Wote. Binti, munganga, mama mukwe. Walisema vizuri sana. Nikageuka kuuliza Kaswera kama amesikia. Ndoo.

Siku ya Mungu, tarehe 8

Amerudi!

Niandike kwa mupango. Kisha misa, wamama waliniambia ya kwamba kwa Zacharie mambo imekuwa nguvu. Jana alipanga watu kwa mistari, wafupi mbele. Aliuliza interro, mutihani mudogo, ya mambo ya juma nzima. Mwenye hajui jina ya ndugu ya bwana wa sharubu, hapana kuangalia. Fiston alikosa, akasimamishwa kwenye pembe.

Saa kumi na mbili na nusu nikasikia kitu inagonga mulango. Ni mguu wa kiti. Nyuma ya kiti, Kaswera. Akaondoa ndoo na mguu, akaweka kiti kwenye alama zake ine, akaikalia. Nikabeba ndoo, nikaitoa nje.

Akasema: kule kwa mwalimu ninajua mambo yote, Papa Emery, lakini ninakaa sawa kwenye mazishi. Akasema atabaki hapa kama nitashika sharti moja. Nisifungue mudomo kama hajaniuliza. Na maneno yangu isitoke kwenye hii mulango kwenda kwa shirika. Nikasema hiyo ni masharti mbili. Akashika kiti. Nikanyamaza.

Dakika kumi na mbili! Nilizihesabu kwenye saa ya ukuta. Binti wa pete alianguka kwenye ngazi, sikusema. Bwana wa sharubu akavunja kikombe, sikusema. Jasho ilinitoka nyuma ya masikio.

Halafu akatokea bibi kizee moja na funguo nyingi kiunoni, akamukamata binti mukono. Na Kaswera, pole pole, bila kunigeukia, akaniuliza: ule ni nani, Papa Emery?

Ameniuliza! Ni yeye mwenyewe ameniuliza!

Nikamwambia ule ni dada ya babu yao, alifungiwa miaka makumi mawili kwenye gereji sababu alikuwa anajua pahali dhahabu ya jamaa ilizikwa. Funguo ile ndogo ni ya sanduku, ile kubwa ni ya camion. Sasa anamwambia binti: kimbia, chukua camion, pita njia ya nyuma, miye nitakufungulia lango. Kaswera akauliza kama binti anajua kuendesha. Nikasema hajui, ndiyo maana analia. Kaswera akacheka! Akauliza ni camion ya tani ngapi. Nikamwambia. Akacheka mupaka akashika tumbo, machozi ikamutoka, akanipiga kwenye goti, akasema endelea, endelea. Nikaendelea mupaka sinema ikaisha, na nyimbo yake, na matangazo ya sabuni. Matangazo pia nilitafsiri.

Leo nitalala vizuri.

Siku ya kwanza, tarehe 9

Asubuhi Kaswera alikuwa kwenye lupango, uzio wetu wa miti, na Mama Félicité. Nilisikia neno camion, nikasikia Mama Félicité akilia kwa kucheka, akishika miti ya lupango ili asianguke. Halafu akanipigia kelele: Papa Emery, leo na miye nitakuja na kiti yangu! Nikamujibu nafasi iko, lakini asichelewe, sirudilii.

Kisha Mama Félicité akasema neno moja. Siku ya Mungu, sinema haiko mupya. Wanarudilia ile ya siku ya tano. Ile ya jana, Kaswera alikwisha kuiona yote kwa Zacharie, na bibi wa funguo ndani yake. Zacharie aliwaelezea pole pole, mara mbili, na akawaandikisha. Ule bibi ni mutumishi wa nyumba, anafungua ghala ya muchele, basi.

Nimefikiri juu ya ile neno asubuhi yote, na kalamu mukononi.

Kwa hiyo Kaswera alikuwa anajua maneno ya Zacharie. Aliyasikia mara mbili. Aliyaandika. Na pamoja na ile yote akabeba kiti nzito vile, akaruka muchirizi, akakuja kuniuliza miye ule bibi ni nani.

Ndiyo kusema hakumusadiki mwalimu. Alijua iko uongo. Miaka makumi ine na moja ya ndoa, na mwanamuke akitaka ukweli, anajua pahali inakaa.