Kidimbwi Kilichomhamisha Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu amehama. Hakwenda mbali. Yuko kwa kaka yake, nyumba ya jirani, ukuta mmoja tu katikati. Kachukua mto wake na ile redio niliyomtengenezea kwa mikono yangu. Sababu ni vyura. Nilichimba kidimbwi bustanini kwa kuwa shemeji anacho, na kila mgeni lazima akisifie. Changu nikakichimba kikubwa zaidi. Shemeji ana samaki. Mimi nikapata vyura, nao wametaga hadi maji yamekuwa mazito kama uji. Kelele usiku kucha. Nilimwambia mke wangu kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Akajibu kwamba yeye si ng'ombe, na hataki maji, anataka usingizi. Nikifukia kidimbwi atarudi. Nifukie, shemeji akiona? Bora nipike mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi
Nimepika mwenyewe. Tuliache hilo.

Leo nimechukua redio kubwa ambayo mteja aliniletea niitengeneze, nikaiweka ukingoni mwa kidimbwi, sauti mpaka mwisho. Nilidhani vyura wataona haya na kunyamaza. Kumbe waliona wamepata mwenzao. Mteja alipokuja kuichukua alimkuta chura amekaa juu yake. Akauliza kama hiyo nayo ni sehemu ya matengenezo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata akili! Mke wangu harudi kwa sababu kwa kaka yake kuna utulivu. Basi tuuondoe utulivu. Vyura wahamie kwa shemeji, mke wangu arudi kwangu. Watu wananidharau bure. Nimechota viluwiluwi kwa chujio la chai, ndoo nzima, nikavimwaga ng'ambo ya ukuta. Kidimbwi cha shemeji kiko hapo hapo chini. Kazi safi.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kanisimamisha njiani, meno yote nje. Anasema samaki wake wamenenepa ghafla, wapita njia wanaomba kuingia kutazama. Akaniuliza, mimi kama mtu wa vidimbwi, wanakula nini. Nikasema sijui.

Jioni nikahamia kwa vyura wazima, wale wenye sauti. Hao samaki hawawawezi. Nikawashusha ng'ambo mmoja mmoja, kwa adabu. Wa mwisho alipotua nikasikia mtu anakohoa. Mke wangu, dirishani, kitana mkononi. Aliuliza nafanya nini. Nikasema nimekuja kuwasalimu wakwe. Akauliza tangu lini wakwe wanasalimiwa kwa ndoo. Hakucheka. Zamani angecheka.

Jumapili, 10 Machi
Vyura wote wamerudi. Nimemwona mkubwa wao akipita chini ya geti, taratibu, kama mtu anayetoka kazini. Walipotaga ndipo kwao. Hata chura anajua kurudi kwake, nikasema, halafu nikakiona kikombe cha mke wangu juu ya meza, palepale alipokiacha. Nimemkumbuka, basi. Nikachukua jembe nikafukia mpaka jua likazama, shemeji akinitazama juu ya ukuta. Alisema pole.

Jumanne, 12 Machi
Mke wangu amerudi, na mto wake, na redio. Nimefurahi mpaka nimeosha vyombo. Nao vyura, walipokosa maji, wamehamia kwa shemeji kwa hiari yao. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa sahihi tangu mwanzo, ni vyura tu waliochelewa kuuelewa. Nilimweleza hivyo mke wangu. Akajifunika shuka hadi kichwani.

Alhamisi, 14 Machi
Shemeji amehamia kwetu. Kaja na godoro begani, macho mekundu, anasema kwake hakulaliki. Amelala sebuleni mchana kutwa, anakoroma, na vyura wote hawamfikii. Mke wangu kasema huyo ni kaka yake na atakaa mpaka kwake kutulie.

Nimewaza tangu asubuhi. Shemeji ataondoka vyura wakiondoka kwake. Vyura wataondoka wakipata mahali pao pa zamani. Udongo bado laini, na jembe liko nyuma ya mlango. Kesho mke wangu akienda sokoni, naanza kuchimba. Safari hii nitakipanua kidogo.