Kocha Asiye na Wakimbiaji

Jumatatu, 3 Machi
Simu bado kimya. Tangu duka la Mzee Hamza lifungwe nikapoteza kazi ya stoo, nimebisha milango hadi mabawabu wa Eldoret wananiita kwa jina. Kiwanda cha chakula cha ng'ombe kinatafuta mtu wa stoo. Barua yangu iko huko tangu Januari. Waiyego, mke wangu, anasema nirudi tu kila wiki, nisalimie, niulize. Kuku hula punje moja moja na hushiba. Subira! Kwa umri huu? Sifuna jirani, ajuaye habari za kila mtu, anasema Nicanor, meneja wa kiwanda hicho, hukimbia mtaa wa Elgon View kila asubuhi. Basi. Kesho mimi ni mkimbiaji.

Jumanne, 4 Machi
Nimevaa traksuti ya kijana wetu Antony, firimbi shingoni, nifanane na watu wa mji huu wa wakimbiaji. Nicanor akapita. Nikamfuata. Kufikia kona ya pili alikuwa nukta. Mama mwenye mtungi wa maziwa akanipita, akitembea, akasema pole Mzee. Mzee! Nina hamsini na mbili tu.
Jioni Waiyego alinipaka magoti mafuta ya kukamulia ng'ombe. Hakucheka. Yaani, hakucheka sana.

Jumatano, 5 Machi
Nimeachwa tena. Ila nukta ilikuwa kubwa kidogo. Maendeleo!

Alhamisi, 6 Machi
Nimeishia mtaroni. Nicanor mwenyewe akarudi, akanipa maji, akauliza nafanya kazi gani. Hapo ndipo ningesema! Lakini aliitazama ile firimbi, nami nikaona aibu, nikajibu mimi ni kocha. Kocha! Akasikitika: alidhani labda natafuta kazi, maana stoo yake haina mtu. Karibu nilie. Haraka nikasema namjua mtu mmoja safi, mwaminifu, jina lake Ng'ang'a. Akasema aje kesho saa nne.
Ng'ang'a ni mimi.
Waiyego alicheka hadi akakalia ndoo. Kisha akapiga shati langu pasi, kola mara mbili, akaniambia baba Antony, sema ukweli tu. Ukweli! Nimenyoa masharubu na kuazima miwani ya shemeji.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani ya shemeji ni ukungu mtupu. Nilisalimia kabati. Nicanor akauliza kocha hajambo. Nikajibu hajambo, ni magoti tu. Akafungua faili: barua yangu, picha yangu, masharubu yangu. Akasema alinijua tangu Jumanne.
Nikavua miwani. Nikasema nahitaji kazi, na kwamba mke wangu amevumilia vya kutosha. Akafunga faili. Kisha akasema anayeachwa kila asubuhi na kesho yake akarudi, huyo atafaa. Nianze Jumatatu, miezi mitatu ya majaribio.
Waiyego alipika chapati. Akanigusa juu ya mdomo, pale palipokuwa na masharubu, akasema yatarudi, yana subira kuliko mwenyewe. Macho yake yalikuwa na maji. Yangu pia, lakini ni ya vitunguu.

Jumapili, 9 Machi
Waiyego anasema nichape kazi tu, miezi mitatu itaisha. Kungoja tena! Sifuna ameniambia Nicanor huimba besi kwenye kwaya ya kanisa lao. Nimefanya mazoezi ya besi uani mchana kutwa. Kuku wamehamia kwa Sifuna.
Maendeleo!